Form ni Kuchapa Nduthi Kutoka Kanairo Hadi Ziwa Turkana? Soma Hii Kabla Hujawasha

Siku hizi kila mbogi ya wasee wa nduthi iko na ile ndoto moja: kutoka Kanairo mangware, kuchapa barabara hadi kaskazini, na kupiga picha kando ya Ziwa Turkana pale Loiyangalani. Na ukweli ni kwamba karibu nduthi yoyote iliyo fiti inaweza kufika huko. Stori ngumu ni itakuwaje ikikataa. Uko kilomita 80 kutoka kwa fundi wa karibu, jua linachoma, simu haina mtandao, na umebakisha lita moja ya maji. Hapo likes za jana hazikusaidii na chochote.

Wengi wakianza kujipanga, doh ya kwanza inaenda kwa taa za kung'aa, maboksi ya alumini na stika. Luku inakuwa moto sana. Halafu nduthi inatoka mtaani na tairi za zamani, cheni imelegea, na mwenyewe hajawahi kutoa gurudumu kwa mikono yake.

Hii hapa ni rada ya kukusaidia usiingie kwa hiyo ngori. Kanuni ni moja, na ukiisahau yote mengine, hii ikae kichwani: doh yako ianze na kile kinachogusa barabara, kile kinachosimamisha nduthi, na kile kinacholinda mwili wako. Baada ya hapo, chochote unachobeba kiwe ni kitu unajua kukitumia bila fundi.

Jua njia kwanza

Huwezi kuandaa nduthi kama hujui inaenda kupitia nini. Kutoka Nairobi unapita Sagana, Karatina na Nanyuki hadi Isiolo, kama kilomita 280, na yote ni lami. Ukitoka Isiolo lami inaendelea: Archers Post, Merille, Laisamis, Marsabit, hadi Moyale kwa mpaka wa Ethiopia. Zamani hicho kipande cha Isiolo hadi Moyale kilikuwa cha kuvunja magari. Leo ni lami ya kama kilomita 500, na ndiyo inafanya wasee wadhani safari yote itakuwa mteremko.

Mchezo unaanza Laisamis. Hapo unakata kushoto na kuingia murram. Hiyo barabara ilirekebishwa kwa sababu ya mradi wa Lake Turkana Wind Power, ule wenye mitambo 365 ya upepo inayoweza kutoa megawati 310. Ilibidi kilomita 208 zitengenezwe ndio malori yaliyobeba mapanga ya hiyo mitambo yapite. Sasa jiulize: kwa nini waliweka mitambo mingi hivyo mahali pamoja? Ni kwa sababu ya upepo. Na huo upepo haubagui, utakusukuma na wewe pia ukiwa juu ya nduthi.

Ukikaribia ziwa, changarawe inageuka kuwa mawe meusi ya volkano, makali kama kisu. Wakati wa kurudi, wengi wanapitia South Horr, Baragoi na Maralal, kisha Rumuruti na Nyahururu hadi Nairobi. Huko kuna mchanga na mito mikavu ambayo wenyeji wanaita laga. Mzunguko wote ni zaidi ya kilomita 1,200, na karibu 450 kati ya hizo hazina mchezo.

Msimu nao uangalie. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na fupi ni Oktoba hadi Desemba. Laga iliyokuwa kavu asubuhi inaweza kuwa mto mkali jioni, hata kama mvua imenyesha mbali na hapo ulipo. Ukipata maji yanapita, unangoja yashuke. Hakuna cha kuforce.

Lazima iwe nduthi ya bei?

Hapana. Kama uko na Royal Enfield Himalayan au KTM 390 Adventure, safi, hizo zimetengenezwa zikifikiria barabara mbaya. Lakini usidharau Boxer. Wasee wa boda wa Samburu na Marsabit wanazunguka huko kila siku na nduthi za cc 100 na 150, wamebeba abiria, magunia na hata mbuzi.

Nduthi ndogo iko na faida mbili kubwa. Ya kwanza, ukianguka unaiinua pekee yako. Himalayan ya cc 411 ina karibu kilo 200 kabla hujaweka mzigo. Jaribu kuinua hiyo kwa mchanga saa saba mchana. Ya pili, spea. Kebo ya klachi ya Boxer utaipata Laisamis au Baragoi kwa duka la kawaida. Spea ya nduthi ya bei huenda ikangoja gari la kutoka Nairobi.

Ubaya wa nduthi ndogo ni shoki fupi, breki za kawaida na spidi ya chini kwenye lami. Kwa hivyo utaenda polepole na utachoka mapema. Hiyo ni bei unalipa, na si mbaya.

Tairi: anza hapa

Kama una doh ya kununua kitu kimoja tu, nunua tairi. Kwa safari hii unataka zile zenye meno ya katikati, nusu lami nusu vumbi. Meno makubwa sana yatakusumbua kilomita 450 za lami kabla hujafika Laisamis, na yale ya lami tupu yatateleza kwa mchanga.

Angalia umri wa tairi kabla hujalipa. Kando ya tairi kuna namba 4 ndani ya kaduara kadogo. Ukiona 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mapya kabisa na bado iwe imezeeka, mpira umekauka na kuanza kupasuka. Hiyo iache dukani.

Tairi mpya ziwekwe mapema, uzitembeze kama kilomita 150 kabla ya safari. Mwanzoni huwa zinateleza, na unataka kujua mapema kama fundi alizifunga vizuri.

Gurudumu la spoki linatumia tyubu kwa nduthi nyingi. Beba tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kama nafasi ni ndogo kabisa, beba ya mbele: tyubu ya inchi 21 inaweza kulazimishwa ndani ya tairi ya nyuma ikufikishe kituo, lakini ile ya nyuma haiingii vizuri mbele. Gonga spoki moja moja na spana. Zote zinafaa zilie sauti inayokaribiana. Inayolia bubu imelegea.

Presha nayo uibadilishe kulingana na barabara. Kama kitabu cha nduthi kinasema psi 32 kwa lami, kwenye murram unaweza kushuka hadi psi 25 hivi, tairi ishike vizuri na isikurushe. Kwa mchanga mwingi unashuka zaidi kidogo, polepole ukiendesha. Lakini kwa yale mawe meusi karibu na ziwa, usiwe chini sana, kwa sababu jiwe litabana tyubu dhidi ya rimu na upate pancha mbili kwa mpigo. Hii inamaanisha unahitaji kipima presha na pampu. Pampu ya mkono au ya mguu inatosha. Ya umeme ni raha, ila ikikufa uko na shida.

Cheni na breki

Cheni iliyokatika inaweza kujikunja na kuvunja kifuniko cha injini, oili ikamwagika yote. Kwa hivyo hii si sehemu ya kusema "itafika tu".

Angalia sproketi. Meno yakiwa yamepinda kama ndoano au yamechongoka kama msumari, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Kuweka cheni mpya kwa sproketi ya zamani ni kuharibu cheni mpya.

Mlegeo wa cheni upimwe mzigo ukiwa juu na wewe umekaa. Nduthi nyingi zinataka kati ya milimita 25 na 35, lakini namba ya ukweli iko kwa kitabu chako. Wengi wanakaza cheni nduthi ikiwa tupu, kisha wakipakia kilo 30 na kupiga shimo la kwanza, cheni inakuwa imekazika kama gitaa. Hapo beringi ndizo zinalia.

Safisha na mafuta taa na brashi, pangusa, kisha paka oili ya gia. Fanya hivyo kila jioni ukifika, cheni ikiwa bado na joto.

Breki: pedi zikiwa zimebaki nusu, weka mpya na zile za nusu uzibebe kama spea. Kama nyuma ni breki ya shuu, fungua, toa vumbi, angalia unene. Maji ya breki yabadilishwe kama yamekuwa meusi, maana yale ya zamani huchemka kwa mteremko mrefu na ukibonyeza leva inaingia hadi mwisho bila kushika. Kwa mteremko, tumia gia ya chini injini ikusaidie kuzuia.

Injini: kazi ndogo ndogo zinazokuokoa

Fanya sevisi kamili wiki mbili au tatu kabla, usiache hadi jioni ya kuondoka. Kama fundi ameacha nati moja, unataka kuigundua ukiwa Rongai, sio Sarima.

Oili mpya na filta yake. Ukiwa njiani, angalia kiwango kila asubuhi nduthi ikiwa imesimama wima. Injini inayopozwa na hewa hula oili zaidi ikiwa kwa joto na spidi ndogo, kwa hivyo beba lita moja.

Filta ya hewa ndiyo inasahaulika sana. Vumbi la huko ni laini kama unga wa ugali. Filta ya sponji inaoshwa, inakaushwa, inapakwa oili kidogo. Ya karatasi haioshwi, beba mpya. Ukiwa kwa mbogi, usifuate mwenzako kwa karibu. Unakula vumbi lake wewe na injini yako, na huoni shimo.

Plagi mpya, na moja ya spea pamoja na spana yake. Kama nduthi yako haina kiki na petroli inasukumwa na pampu ya umeme, betri ni kila kitu. Pimwa betri kabla. Ikiwa ina miaka mitatu na asubuhi inasitasita, badilisha.

Halafu kuna hii ujanja ya wazee wa nduthi: chukua kebo mpya ya klachi, ipitishe sambamba na ile ya zamani, uifunge bila kuiunganisha. Ya kwanza ikikatika, unabadilisha ncha mbili tu na dakika 10 baadaye uko mbio.

Mwisho, nati na bolti. Murram ya mawimbi mawimbi inatetemesha nduthi masaa na masaa, na kila kitu kinalegea. Kaza bolti za keria, za vioo, za eksosi na za kiti, ukitumia gundi ya nati. Kisha piga kila bolti mstari mdogo wa rangi, uanzie kwenye bolti hadi kwenye chuma. Kila jioni unaangalia na tochi. Mstari ukivunjika, bolti imezunguka.

Mzigo: punguza, halafu punguza tena

Hapa ndipo safari nyingi zinaharibika. Tuhesabu pamoja. Petroli ya ziada lita 10 ni kama kilo 7.5. Maji lita 8 ni kilo 8. Vifaa na tyubu, kilo 6. Hema na mfuko wa kulalia, kilo 5. Nguo, kilo 4. Dishi na sufuria, kilo 3. Tayari ni kilo 33.5, na hujabeba kamera wala ile spika ya mbogi.

Kitabu cha nduthi kinasema uzito wa juu kabisa, na huo unakuhesabu wewe, buti zako na helmeti. Ukipita, shoki zinagonga chini, keria inakatika, na mbele kunakuwa kwepesi hadi usukani unacheza.

Vitu vizito vikae chini na karibu na wewe: vifaa, maji na petroli. Nguo na mfuko wa kulalia ndivyo viende nyuma juu. Pande zote ziwe na uzito sawa.

Boksi za alumini zinapendeza lakini ni nzito, na ukianguka mguu unaweza kubanwa chini yake. Mifuko laini ya turubai inabeba vilevile na haivunji mfupa. Keria nzuri haihitaji kutoka ng'ambo. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji wanachomelea chuma kila siku. Peleka nduthi yenyewe, wapime, na uwaambie waongeze chuma cha kushikilia pande zote mbili. Kuna wasee watakuambia blada za kufungia mizigo ya boda ni za ushamba. Wewe beba nne. Zinafunga mzigo, zinashika keria iliyokatika, na hazina haja ya kusomewa maagizo.

Petroli na maji: piga hesabu ukiwa keja

Isiolo, Marsabit na Maralal kuna vituo vya petroli. Katikati, usihesabu kituo hata kimoja. Kule vijijini petroli kwa kawaida inauzwa kwa jerikeni au chupa, leo iko, kesho haiko. Ukiipata, ichuje na kitambaa safi kabla ya kumimina, maana inaweza kuwa na maji au mchanga.

Kutoka Laisamis hadi Loiyangalani, kisha hadi Maralal, jipange kwa kilomita 500 ukiweka na za kupotea njia. Himalayan ya cc 411 ina tangi la lita 15. Kwa lami inaweza kukupa kilomita 30 kwa lita, lakini ukiwa na mzigo, mchanga na gia ya chini, hesabu 22. Hiyo ni kilomita 330. Ukiongeza jerikeni ya lita 10, unafika 550. Boxer ya tangi la lita 11 ukihesabu kilomita 38 kwa lita ni 418, na lita 5 za ziada zinakupa zaidi ya 600. Unaona sasa kwa nini nduthi ndogo si mchezo?

Hizo namba ni za mfano. Yako utaipima mwenyewe: jaza tangi hadi juu, tembea kilomita 100 ukiwa na mzigo, jaza tena, gawanya.

Maji ya kunywa, lita 5 kwa siku kwa kila mtu ni kiwango cha chini. Kando ya ziwa joto linaweza kukaribia nyuzi 40. Beba lita 3 zaidi ambazo hazifunguliwi isipokuwa nduthi imekataa kabisa. Na hayo maji yawe kwa vyombo viwili tofauti, kimoja kikitoboka usibaki mkavu. Ziwa lenyewe lisikudanganye. Maji yake yana magadi na chumvi, na mamba wamo.

Vifaa vya kubeba

Kanuni: tumia vifaa hivyohivyo kufanya sevisi nyumbani. Kama kuna nati huwezi kufungua na ulichobeba, mfuko haujakamilika.

- Spana za saizi za nduthi yako tu, pamoja na ya kufungua ekseli za magurudumu
- Leva 3 za tairi, tyubu, viraka, gundi na msasa
- Pampu na kipima presha
- Kiungo cha kuunganisha cheni na kifaa cha kukatia cheni
- Kebo za klachi na mafuta, leva moja ya klachi na moja ya breki
- Plagi, fyuzi, balbu na mita moja ya waya
- Gundi ya chuma ya kuziba tobo la injini au tangi
- Waya wa kufungia, zip, tepu na blada
- Tochi ya kichwa, na betri zake za ziada

Mwili wako nao ni sehemu ya nduthi

Sheria ya trafiki inadai helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga kwa wewe na abiria wako. Hiyo ni ya karao. Kwa safari hii unahitaji zaidi.

Helmeti ifunike uso wote, na kama iliwahi kuanguka ikagonga, badilisha. Buti ziwe ndefu kupita kifundo, maana kifundo ndicho huumia nduthi ikikulalia. Gikomba utapata buti kali za mtumba, lakini kagua soli na pinda ngozi uone kama imekauka. Glavu, kinga za magoti na za viwiko, kisha shati la mikono mirefu. Kuvaa vesti kwa sababu ya joto ni makosa mawili: jua linakunyonya maji haraka, na lami au changarawe inakunyoa ngozi.

Beba bandeji pana, dawa ya kuoshea vidonda, dawa za maumivu, chumvi za kuongeza maji mwilini na blanketi la dharura. AMREF Flying Doctors wana uanachama wa Maisha unaosimamia kubebwa kwa ndege ukiumia mbali na hospitali. Lipia kabla ya kutoka, na kila mtu kwa mbogi awe na namba yao imeandikwa kwa karatasi.

Makaratasi, mtandao na usalama

Leseni iwe na daraja la pikipiki, bima isiwe inaisha katikati ya safari, na logbook iwe kwa jina lako au uwe na barua ya mwenye nduthi. Kama form ni kuvuka hadi Uganda, kitambulisho cha kitaifa kinakubaliwa, lakini nduthi itahitaji bima ya kadi ya njano ya COMESA. Beba na cheti cha homa ya manjano.

Mtandao uko kwa miji, halafu unapotea kilomita nyingi. Pakua ramani ya nje ya mtandao ukiwa bado Nairobi. Mwachie mtu mmoja anayeaminika ratiba: leo tunatoka hapa, tunalala pale, nisipopiga hadi saa tatu usiku, piga namba hii. Mwambie pia ni kituo gani cha polisi kiko karibu na kila mahali pa kulala.

Baragoi na bonde la Suguta kuna historia ya wizi wa mifugo na mapigano ya silaha. Hali inaweza kubadilika kwa wiki moja. Ukifika Isiolo, Laisamis au Maralal, uliza polisi na madereva wa magari waliotoka huko siku hiyohiyo. Wakikuambia usipite, rudi. Usiendeshe usiku: kuna ngamia barabarani, hawana taa na hawana haraka.

Ukifika kwa watu, salimia kwanza na uombe ruhusa kabla hujapiga picha. Hao wenyeji ndio watakupa maji na kukuvuta kwa laga ukikwama.

Jaribio: Magadi na mzigo wote

Hii ndiyo hatua wasee wanaruka, na ndiyo inaamua kama nduthi imeandaliwa ama imepambwa tu. Wiki tatu kabla, pakia kila kitu, hadi maji na petroli, kisha enda Magadi. Ni kama kilomita 110 kutoka Nairobi, unashuka kutoka baridi hadi joto kali, na ukipita mji unapata vumbi na changarawe ya kufanyia mazoezi. Lala huko usiku mmoja.

Ukiwa huko fanya haya matatu. Angusha nduthi polepole kwa mchanga laini, kisha iinue peke yako na mzigo wake. Ikikataa, punguza mzigo. Pili, toa gurudumu la nyuma, toa tyubu, irudishe, jaza hewa. Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima na utatukana, lakini ya pili itakuwa nusu saa. Tatu, endesha kwa mchanga ukiwa umesimama, macho mbali mbele, mafuta yakiwa thabiti, mkono mbali na breki ya mbele.

Ukirudi, mwaga mfuko wote sakafuni. Nguo ambazo hukuvaa ziache, na kifaa ulichokosa ukinunue. Kagua keria kama ina nyufa, kaza bolti zote, pima cheni.

Asubuhi ya kutoka

Kuna mambo ambayo yakikuwepo asubuhi hiyo, safari inaahirishwa bila mjadala: oili inavuja, breki inaingia laini, gurudumu linacheza ukilisukuma kando, taa ya onyo ya injini inawaka, au wewe mwenyewe hujalala. Pia kama mmoja kwa mbogi hajafanya jaribio, asisukumwe aje. Yeye ndiye mtamsubiri kwa jua.

Na mkitoka, mkubaliane jambo moja: spidi ya kundi ni ya yule wa polepole, na kila njia panda mtu anangoja hadi amwone wa nyuma. Ziwa limekuwa pale tangu zamani na halihami. Mkifika Jumamosi badala ya Ijumaa, maji yatakuwa na rangi ileile ya kijani.

Safari njema, na cheni ipakwe oili kila jioni.